Mabwawa ya majitaka ya shule yamegeuka kijani, tumwage mrututu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mi ni mwalimu wa shule ya bweni huku Kigoma, nje kidogo ya mji, tuna wanafunzi kama 600. Maji ya vyooni, mabafuni na jikoni, kama lita 30,000 kwa siku tukiangalia mita, yanaenda kwenye mabwawa matatu yanayofuatana. La kwanza mita 30 kwa 15, la pili na la tatu mita 20 kwa 10 kila moja. Siku hizi yote yana kijani kizito kama kisamvu kilichosagwa, na kamati ya shule imeshanunua mfuko wa mrututu (kopa salfeti) umwagwe ili maji yatakate, wengine wanataka klorini. Bwana afya yeye anasema huo mwani ndo unaua vijidudu, tuuache. Nani mkweli? Na kuna kina mama bondeni wanachota maji ya bwawa la tatu kumwagilia mchicha na chainizi, roho yangu haitulii nikikumbuka kipindupindu.

Jibu: Marahaba mwalimu. Nianze na lile la haraka, maana najua kamati ikishanunua kitu mikono inawasha: mrututu msimwage. Fungeni mfuko wekeni stoo, alafu tuongee taratibu. Bwana afya wenu yuko sahihi kwa sehemu kubwa, ila kuna vijidudu viwili vitatu ambavyo mwani hauviwezi, na kimoja kati ya hivyo ndo hicho kinachokunyima usingizi.

Tuanze na kinachoingia humo bwawani. Kinyesi cha watu 600 kinabeba makundi manne ya wadudu wa magonjwa: bakteria kama wale wa taifodi na kuhara damu, virusi vya kuhara na vya homa ya ini ile inayoambukiza kwa chakula, ameba na jamaa zake wa protozoa, na mayai ya minyoo. Watu wengi wanayaweka yote kapu moja wanasema "vijidudu", kumbe kila kundi linakufa kwa njia yake, ndo maana mtu anaweza kuua kundi moja akajipongeza huku lingine linapita hivihivi linaenda kwenye mchicha.

Bakteria ndo mwani unaowamudu vizuri, na ukitaka kuelewa inakuwaje lazima uliangalie bwawa kwa saa ishirini na nne, ukipita mara moja na kuziba pua huoni kitu. Nenda alfajiri kabla ya kengele ya kuamka, utalikuta limelala, maji mazito hayana hata kipovu, na ukichovya karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha tindikali na alikali ambacho saba ndo katikati, utapata saba na nusu au nane hivi. Usiku kucha mwani na bakteria wote wamekuwa wakivuta oksijeni na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ikiyeyuka majini inaleta tindikali kidogo. Sasa rudi saa nane mchana siku ya jua kali la Agosti. Utaona vipovu vidogovidogo vinapanda na kung'ang'ania kwenye majani yaliyoangukia kingoni, hiyo ni oksijeni ya mwani, imezidi mpaka maji hayawezi kuibeba. Chovya karatasi nyingine, inageuka rangi kabisa, utasoma tisa, tisa na nusu, mabwawa mengine yanapita hapo. Mwani umekula kaboni dayoksaidi yote iliyokuwepo ukamaliza, sasa unaivuta kwenye ile baikaboneti iliyoyeyuka majini, na kinachobaki nyuma ni alikali, maji yanakuwa kama yametiwa magadi. Bakteria wa tumboni mwa mtu wamezoea kukaa pazuri, joto la mwili na pH ya wastani, ukiwaweka kwenye tisa na nusu wanaanza kupukutika.

Alafu kuna jua lenyewe. Hapa watu wanadhani jua linaua kwa kuchoma tu, kama unapoanika godoro. Ile miale mikali ya jua kweli inaharibu vinasaba vya bakteria, ila haifiki mbali kwenye maji ya kijani, inaishia juujuu tu. Kazi kubwa inafanyika kwa njia ya mzunguko: majitaka yana ile rangi ya chai, masalia ya vitu vilivyooza, na rangi hiyo ikipigwa na mwanga wa kawaida, huu tunaouona, inaibadilisha oksijeni iliyoko majini kuwa oksijeni ya vurugu inayotoboa ngozi ya bakteria. Kwa hiyo unahitaji mwanga, unahitaji oksijeni nyingi, unahitaji pH ya juu, na vyote vitatu vikikutana bakteria anapata kipigo ambacho kimojawapo peke yake kisingempa. Nani analeta oksijeni? Mwani. Nani anapandisha pH? Mwani huohuo. Ukiuua mwani umebaki na jua tu, na jua peke yake ni kibarua asiye na jembe.

Sasa kipindupindu. Mdudu wake tofauti na wenzake wa tumboni anapenda maji ya alikali, hata maabara wakitaka kumkuza makusudi wanamweka kwenye uji wa pH kama 8.6, anashamiri wenzake wakishindwa. Kwa hiyo ile pH ya mwani ambayo nimeisifia hapo juu yeye haimtishi sana. Kinachomuua vizuri kiko kwenye bwawa la kwanza, kule chini kusiko na hewa, nacho ni ile salfa yenye harufu ya yai viza. Watafiti waliofanya kazi kwenye mabwawa ya kaskazini mashariki mwa Brazil waliliona hili, kwamba salfaidi ya bwawa lisilo na hewa ndo inamfyeka mapema. Bwawa lenu la kwanza, kama linafanana na mengi ya shule niliyoyaona, ni la mchanganyiko: chini giza na tope linachacha, juu mwani. Hilo la chini ndo kinga yenu ya kipindupindu, na ndo sababu nyingine ya kutolichezea kwa dawa. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika haya hatusimuliwi, mwaka 2015 pale Kagunga, kijiji cha mpakani, wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni wagonjwa walifika maelfu ndani ya wiki chache, na chanzo cha mambo kama yale ni kinyesi na maji ya kunywa kukutana kabla ya muda.

Mayai ya minyoo, hasa ya yule mnyoo mkubwa wa duara anayeitwa askaris, hayajali pH wala jua wala klorini, ganda lake ni gumu balaa. Ila ni mazito, yanazama. Bwawa likituliza maji siku za kutosha yanakwenda chini yote na kukaa kwenye tope, na ameba nao wakiwa wamejifungia kwenye vifuko vyao wengi wanazama hivyohivyo. Virusi sehemu vinanata kwenye chembechembe na kuzama nazo, sehemu vinauliwa na jua. Kwa hiyo mayai hayafi, yamehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope. Hili la tope nitalirudia, maana huko ndo watu wanapojiumiza.

Ukiniuliza kipi kinaua kwa jumla nitakwambia siku. Maji yamekaa siku ngapi kwenye jua na mwani, basi. Kuna hesabu ya mtaalamu wa Afrika Kusini anaitwa Marais, aliitoa mwaka 1974 na mpaka leo mainjinia tunaitumia kupanga mabwawa, na sio ngumu, mwanafunzi wako wa kidato cha pili anaipiga. Unachukua siku ambazo maji yanakaa bwawani, unazidisha na namba ya kasi ya kifo inayotegemea joto la maji, unaongeza moja, alafu unagawanya idadi ya bakteria walioingia kwa hicho ulichopata. Maji yakiwa na joto la nyuzi 20 kasi ni 2.6 kwa siku, yakiwa 25 inapanda mpaka 6.2. Kupanda nyuzi tano tu kasi imezidi mara mbili, ndo maana mabwawa haya yanafaa huku kwetu kuliko Ulaya.

Tuyapige ya kwenu. Nachukulia kina cha mita 1.5 la kwanza, 1.2 la pili, 1 la tatu, na kuta nazihesabu kama zimesimama wima ingawa najua zimelala. La kwanza lina mita za ujazo 675, ukigawa kwa 30 zinazoingia kila siku unapata siku 22 na nusu. La pili siku 8, la tatu karibu siku 7. Majitaka ghafi tuseme yana bakteria wa kinyesi milioni 50 kwenye kila mililita 100, ambayo ni hali ya kawaida. Kwa maji ya nyuzi 25, bwawa la kwanza linawashusha mpaka laki tatu na nusu na ushee. La pili linashusha mpaka kama 7,000. La tatu linatoa kama 170. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kikomo cha 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, kwa hiyo kwenye karatasi mko vizuri kabisa, nampongeza aliyechimba.

Na tazama hii inavyofurahisha: yale mabwawa matatu ukiyabomoa kuta ukafanya bwawa moja kubwa lenye siku zilezile 37, hesabu inakupa zaidi ya 200,000 mwishoni. Maji yaleyale na eneo lilelile, ila 170 imekuwa laki mbili, kwa sababu kwenye bwawa moja maji mapya yanachanganyika na ya zamani na mengine yanatoroka kabla ya wakati. Kugawa ndo siri. Kuna mradi mmoja niliwahi kuona wakiunganisha mawili kuwa moja eti kurahisisha usafi, nikanyamaza kwa sababu ukuta ulikuwa umeshabomolewa.

Ila nimesema kwenye karatasi. Uwanjani kuna mambo mawili yanayoiua hiyo hesabu, na ndo nataka kamati ielekeze hela na nguvu huko badala ya mrututu.

La kwanza ni njia ya mkato. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye taasisi moja mkoa wa jirani, sitaitaja, mabwawa mazuri yamejengewa kingo za mawe, kijani safi, lakini majibu ya maabara yalikuwa yanatisha na kila mtu anamlaumu mwani. Nikanunua machungwa sita sokoni. Chungwa linafaa kwa kazi hii kwa sababu linaelea limezama karibu lote, kipara tu ndo kinabaki juu, kwa hiyo upepo haulisukumi sana kama kopo tupu. Nikayatia mbele ya bomba la kuingilia asubuhi upepo ukiwa umetulia, nikakaa chini ya mwembe. Kabla sijamaliza chai ya saa nne manne yalikuwa yameshagota kwenye bomba la kutokea, yanazungukazunguka pale kama yanasubiri mlango ufunguliwe. Bwawa la siku nane kwenye michoro, maji ya juu yanalivuka kwa saa mbili na nusu! Fundi aliweka bomba la kuingilia na la kutokea yakitazamana, mstari umenyooka, pembe zote mbili za upande wa pili maji yamelala tu hayana kazi.

Fanyeni jaribio hilohilo la machungwa kwenu. Turudi kwenye hesabu: kama maji yenu yanatoroka hivyo, tuseme la kwanza yanakaa siku 3 na mengine siku moja moja, mwishoni unatoka na kama 49,000 badala ya 170. Yaani karibu mara 300 zaidi, na rangi ni kijani kilekile, kwa macho hutajua. Dawa yake ni vizuizi. Mwenye hela anajenga ukuta wa tofali ndani ya bwawa usiofika mwisho, maji yazunguke kama mtu anayepita kwenye mpangilio wa madawati, asiye na hela anafunga turubai nzito kwenye waya uliovutwa kutoka kingo hadi kingo, chini unaning'iniza mawe au chuma za nondo ili isipeperuke. Alafu bomba la kuingilia liwe pembe moja na la kutokea pembe ya mbali kabisa. Kwenye bwawa la kwanza la kutokea lichukue maji kama sentimita 60 chini ya uso, sio juu kwenye utando na mwani uliojazana, na liwe na kizuizi cha utando mbele yake, hata pipa lililokatwa linatosha.

Na mkague chemba zote kabla ya mvua za Novemba. Mafundi wetu wana tabia ya kuunganisha maji ya bati kwenye bomba la choo kwa sababu liko karibu, mvua ikinyesha usiku mmoja inasukuma maji ya wiki nzima nje, na hizo siku zako 22 zinakuwa hadithi.

La pili ni tope. Hujasema mabwawa yana umri gani, kwa hiyo nauliza, tope la bwawa la kwanza lilitolewa lini? Kama hakuna anayekumbuka basi jibu unalo. Chukua mti mrefu mnyoofu, ufungie kitambaa cheupe cha taulo kuanzia chini mpaka nusu, uzamishe taratibu mpaka uguse sakafu, subiri kidogo, uvute wima. Tope linabaki kwenye taulo limekamata, maji yanachuruzika, unaona mstari kabisa unapima kwa rula. Fanyeni sehemu kama kumi, hasa karibu na bomba la kuingilia, mtu awe kwenye mtumbwi na boya la kuokolea, na asiende peke yake. Wataalamu wengi wanasema tope likifika theluthi ya kina limefika, litolewe. Kila sentimita ya tope ni saa umezipoteza.

Sasa lile onyo nililoahidi. Ukitoa tope umetoa mayai ya minyoo ya miaka yote hiyo, yamekusanyika hapo, mengi bado yana uhai. Nimeona watu wakilichukua bichi wanapeleka shambani kwa sababu ni jeusi na linanukia rutuba, na kweli migomba inanenepa, na watoto wanapata minyoo. Litandazwe kwenye vitanda vya kukaushia, kisha likae, kwa joto letu la huku Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya mwaka mzima, bila kuongezewa bichi juu yake. Wanaolichota wavae buti na glovu, wanafunzi wasiguse, hata kama ni adhabu. Hasa kama ni adhabu.

Mrututu niliuahirisha, tuumalize. Ni kopa salfeti, kweli unaua mwani, siku mbili tatu maji yatakuwa yamekwajuka na kamati itapiga makofi. Kisha mwani uliokufa unazama na kuoza, unakula oksijeni yote, pH inashuka, harufu inaamka mpaka bwalo la chakula, na bakteria wa kinyesi wanaishi raha mustarehe kwa sababu aliyekuwa anawatesa ameuawa. Kopa yenyewe haiendi popote, inakaa kwenye tope, na inayotoka na maji inashuka bondeni hadi kwenye samaki. Kuhusu klorini, kwenye maji ya kijani ni hela unaichoma: mwani na amonia vinaila kabla haijafika kwa bakteria, unalazimika kumwaga nyingi, mwani unakufa, unarudi palepale, na mayai ya minyoo hayajasikia kitu.

Rangi ya kuogopa ipo lakini sio kijani. Bwawa la kwanza likianza kuwa na wekundu au zambarau kama maji ya rosela, hao ni bakteria wa salfa, maana yake limelemewa na uchafu, mwani umeshindwa. Likiwa kijivu au jeusi mpaka juu ndo kabisa. Na likiwa jeupe linaangaza mpaka unaona sakafu usifurahi pia, mara nyingi viroboto maji wamekula mwani wote, unawaona kama punje zinazorukaruka ukichota kwenye glasi. Na magugu yanayoelea, yale yanayofanana na kabichi ndogo au gugu maji lenyewe, yatoeni yote, yanafunika jua.

Kina mama wa bondeni. Hapa nakuomba usiende na polisi wa afya kuwafukuza, watahamia kuchota usiku tu. Mwongozo wa mwaka 2006 wa Shirika la Afya Duniani uliachana na ile habari ya namba moja ya kikomo, ukasema weka vizuizi kadhaa njiani, kila kimoja kinapunguza sehemu yake. Mchicha unaopikwa ukaiva, ule moto unamaliza bakteria karibu wote, hofu yangu iko kwenye vinavyoliwa vibichi, kwa hiyo hapo pasilimwe nyanya za kachumbari, karoti wala saladi, hili liwe la lazima. Waache kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, kwa sababu kila siku ya jua inapunguza wadudu walioko kwenye majani kati ya mara 3 na mara 100. Wamwagilie kwenye mashina, ile ndoo ya matundu inayonyeshea majani na kurusha udongo juu ndo mbaya. Mboga zioshwe kwa maji safi, sio kwenye bwawa lenyewe ili zing'ae kabla ya kupelekwa sokoni Mwanga, nimeliona hilo kwa macho. Na wavae buti, safura inaingia kwa nyayo.

Kingo za mabwawa zisiwe na nyasi hata kidogo. Nyasi zinazochovya majini ni nyumba ya konokono wa kichocho na kivuli cha mazalia ya mbu, na kichocho cha tumbo huku Ziwa Tanganyika kimejaa. Wanafunzi wanaoshuka kuvua perege wa bwawa la tatu, najua wapo, shule zote wapo, wekeeni uzio.

Kitu kimoja mwani hausaidii vya kutosha ni mbolea. Naitrojeni na fosforasi nyingi bado zinatoka na maji, sehemu zikiwa ndani ya mwani wenyewe. Kwa mchicha ni neema, kwa ghuba ni balaa polepole, maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na halibadilishi maji yake haraka. Kwa hiyo maji yakitoka bondeni kwenye mboga nafurahi kuliko yakienda moja kwa moja ufukweni.

Vipimo: msipime baada ya kusafisha ili mpate majibu mazuri, pimeni sasa hivi. Sampo ichukuliwe mwisho wa bwawa la tatu, asubuhi wakati hali ni mbaya kuliko mchana, kwenye chupa ya maabara iliyosafishwa kwa joto, iwekwe kwenye deli lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Ombeni idadi ya E. koli, yaani bakteria wa kinyesi, na ombeni mayai ya minyoo pia, watawaambia sampo ya lita kadhaa inahitajika, msikubali kuachiwa cha kwanza tu kwa kuwa ni rahisi. Kikomo cha mayai ni lisilozidi moja kwa lita. Nyie wenyewe nunueni karatasi za pH, mpe mwanafunzi wa kemia daftari, apime saa moja asubuhi na saa nane mchana kwa wiki mbili kwenye mabwawa yote matatu. Tofauti ikiwa kubwa mwani uko kazini. Isipokuwepo siku ya jua, nitumie namba hizo na ile ya tope kwenye taulo na machungwa yametumia muda gani, tutaanzia hapo.

Na huo mfuko wa mrututu msiutupe, wauzieni wakulima wa kahawa wa Kalinzi, wao wanajua pa kuutumia.